Kamba ya Saba

Bukavu, ku Kadutu, 8 juin 1975

Yaya Lucien,

Kama karatasi hii inafika na mafuta, si miye. Ni Placide. Unajua mukono ya chauffeur, ata anawe na sabuni nzima.

Miye niko. Muguu ya papa wako, ile ilivunjika, inaendelea namna gani? Tangu siku ulishuka Luberizi kwenda kuvuna muchele mu nafasi yake, hii chumba tunapanga pamoja imekuwa kubwa, sijui niweke macho wapi. Gitare yako ya basse iko chini ya kitanda, mu kitenge ya mama yako Godelive, vile uliiacha. Ulisema: «Ilale, mutu asiiguse, nitarudia mbele ya fête ya 24 novembre, sikukuu ya serikali.» Iko inalala.

Sasa sikiliza. Chef Honoré wa orchestre yetu aliona mu gazeti ya mupadri moja picha ya Muzungu na gitare ya kamba saba. Saba, yaya. Alikata ile picha na wembe, akaipelekea papa Cyprien menuisier, ule anatengenezaka milango na masanduku ya wafu. Akamuambia: «Kinshasa haina hii. Orchestre Nyenyezi itakuwa nayo wa kwanza.» Papa Cyprien akauliza: «Na ile kamba ya saba ni ya kazi gani?» Chef akajibu: «Weye toboa tundu saba, muzee. Kazi tutaijua kisha.»

Alinipa miye nipige. Batu yote balishangaa, na miye pia.

Kamba sita ni za dukani. Ya saba, ile nene ya chini kabisa, papa Cyprien aliitengeneza na waya ya frein, ile ya kusimamisha baiskeli, akaizungushia waya ya shaba. Yaya, nilipoigusa mara ya kwanza, kioo ya dirisha ya maman Eulalie jirani ililia. Inaingia mu tumbo. Unanijua miye: batu bakiniangalia, bidole binakauka. Lakini nikigusa ile kamba, sauti inatoka kama ya mutu hana haya. Ni kama kuna mutu ingine anasema mu nafasi yangu, na batu banamuheshimu.

Mubaya ni shingo. Iko pana kama ubao ya kufulia nguo. Kidole changu kikubwa hakifike, na jioni mukono inavimba. Tena ile kamba inalia ata sijaigusa. Inalia yenyewe, kama mutoto anaona bengine banakula. Weye unajua kamba nene. Unafanyaka namna gani ili inyamaze?

Mudogo wako,
Cirhuza


Luberizi, 19 juin 1975

Petit,

Nilicheka mupaka papa akasahau muguu akauliza kuna nini. Nilimuambia: «Cirhuza anapiga sanduku ya mufu yenye kamba saba.» Papa anasema wakati atakufa, bamuzike na moja.

Muguu iko mu miti, bameifunga, lakini yee hatasimama leo wala kesho. Hapa ni miye na mama tu mu maji, na ndege zinakuya kula muchele kama zimealikwa. Mikono yangu, ungeiona, ungesema ni ya mutu ingine. Lakini usiogope, tarehe 24 novembre nitakuwa hapo, ata nipande mulima ya Ngomo na miguu. Nilimuapia papa pia. Alisema: «Kata muchele yote, kisha rudia ku kazi yako. Mutu asipoteze nafasi yake juu ya muguu yangu.»

Kamba nene: kosa yako, unafikiri mukono ya kupiga njo inafanya kazi. Hapana. Mukono ya kunyamazisha njo fundi. Weka nyama ya kiganja, ile ya upande wa kidole kidogo, ilale juu ya kamba karibu na fasi inafungwa. Ilale polepole, kama unafunika mutoto. Basi itanyamaza.

Na usikae sana kule chini, unasikia? Kule ni kwangu! Utembee, usalimie, urudie kwako juu.

Nani anapiga basse sasa? Chef alipata mutu?

Lucien. (Pardon, citoyen Kashindi, juu serikali imetukataza majina ya Wazungu. Weye uko na chance, jina yako haikukatazwa.)


Bukavu, 6 juillet 1975

Yaya Lucien,

Ile ya kiganja ni kweli. Nilifanya vile ulisema, ikanyamaza mara moja. Nilikaa usiku nzima nikiifunika na kuifunua.

Ndiyo, chef alipata mutu. Anaitwa Pascal. Ametoka upande ya Nyangezi. Ni mutu ya kunyamaza, hana maneno mingi. Anapiga na basse ya mutu ingine, si yako. Yako iko chini ya kitanda.

Huyu Pascal anakuheshimu. Anaomba, kama haikusumbue, umuandikie namna unapigaka mu ile nyimbo ya maman Valérie, fasi ya mwisho, kwenye batu banasimamaka kucheza. Anasema ameisikia lakini haioni. Anakuomba na haya.

Hapa mvua hakuna. Batu ya orchestre biko muzima.

Cirhuza


Luberizi, 20 juillet 1975

Petit,

Mupe Pascal hii karatasi ya pili, usiifungue, ni ya bassiste kwa bassiste. (Najua utaifungua.)

«Ndugu Pascal, salamu. Sikujui lakini mutu anashika basse ni ndugu yangu, juu batu banatusahauka sisi wawili sawasawa. Banakumbuka mwimbaji, banakumbuka soliste. Siku moja usipige, basi watauliza: nyimbo inafanya nini leo, iko mugonjwa?

Mu ile nyimbo, fasi ya mwisho, unagonga mbili chini kabisa. Tum, tum. Kisha unangoja. Batu banafikiri umesahau. Kisha ya tatu, ichelewe. Kama mutu amebisha mulango ya bakwe zake mara mbili, akakumbuka hakuoga, akataka kukimbia, kisha akabisha tena. Usiiharakishe ile ya tatu. Ukiiharakisha umeiua.

Hii sikumufundisha mutu. Nakupa weye juu unanishikia nafasi, na mutu anakushikia nafasi si wa kumunyima. Linda huyu mudogo wangu Cirhuza, ni mutu ya haya mingi, atakufa siku moja juu hakuuliza njia.»

Petit, muchele ya upande wa kwanza tumemaliza. Papa anakaa inje sasa, anafukuza ndege na matusi.

Lucien


Bukavu, 17 août 1975

Yaya Lucien,

Pascal alisoma. Alisoma mara mingi. Anasema aksanti.

Kamba ya saba ilikatika. Ilikatika katikati ya répétition, tukizoeza nyimbo, ikanipiga hapa ku shavu, alama iko. Papa Cyprien alisema waya ya frein hataki tena, inakula bidole na inakata mbao. Na mu Bukavu nzima hakuna duka inauzisha kamba ya saba. Nilitembea Nyawera, nilitembea ku Bapakistani, banacheka: «Gitare iko na kamba sita, kijana, rudia nyumbani uhesabu.» Njo ubaya ya kitu iko peke yake. Siku inakatika, hakuna ndugu yake.

Lakini nilipata ingine. Inalia muzuri kuliko ya kwanza. Shingo ya gitare tu imeanza kuinama upande ule, inavutwa.

Dimanche tarehe 24 tutapita ku radio, saa kumi ya jioni. Kama ile poste ya radio ya papa wako iko na mabuye ya batri, musikilize. Ao musisikilize, si kitu.

Cirhuza


Luberizi, 2 septembre 1975

Petit! Petit!

Tulisikiliza! Majirani balijaa mu kiwanja, batoto juu ya ukuta, papa na muguu yake juu ya kiti kama chef de zone mu ofisi yake. Nilibaambia: «Mungoje fasi ya mwisho.» Tum, tum. Bakasema: «Ni kwisha?» Nikasema: «Mungoje!» Na ile ya tatu ikafika, na imechelewa, yo! Imechelewa vizuri kuliko yangu! Mama akapiga vigelegele. Batu bakaniuliza: ni weye? Nikasema, ni miye, lakini na mukono ya Pascal.

Huyu mutu iko na sikio. Nilimuonea wivu kidogo, sikufiche. Mama anamutumia kilo tano ya muchele mupya. Umupe na mikono mbili, umuambie unatoka kwa mama ya Lucien.

Jambo ingine. Mikono yangu imekuwa kavu kama miti. Nataka nianze kuizoeza, novembre haiko mbali. Placide anashuka tena siku ya vendredi. Mupe basse yangu, mu kitenge yake, ailaze nyuma ya kiti, si mu bagage. Nitapiga bila ampli, jioni, papa asikie.

Lucien


Bukavu, 5 septembre 1975

Yaya,

Muchele ulifika. Aksanti kwa mama.

Basse sikuituma. Camion ya Placide ilijaa sana, batu balikuwa ata juu ya cabine. Niliogopa itavunjika. Mara ingine.

Cirhuza


Luberizi, 21 septembre 1975

Cirhuza,

Placide anasema ile vendredi alishuka na camion tupu, yeye na convoyeur, musaidizi yake, peke yao, bakiimba. Anasema alipiga klaksoni mbele ya nyumba mupaka maman Eulalie akatoka kumutukana. Anasema alikuona nyuma ya rideau ya dirisha.

Kuna nini? Baliiba basse? Kama baliiba sema tu, mwizi si weye.

Na nilimuuliza Placide, Pascal iko mutu ya namna gani. Alisema: «Pascal nani?»

Lucien


Bukavu, 12 octobre 1975

Yaya Lucien,

Nimechelewa kuandika. Karatasi tatu nimezipasua. Hii sitaisoma mara ya pili, juu nikiisoma nitaipasua. Nilifika mupaka troisième primaire tu, mwaka ya tatu ya shule, unajua, maneno muzuri ya kuanzia sina.

Pascal hayuko. Hakuna mutu anaitwa Pascal. Ni miye.

Ilikuwa mu mwezi ya sita, répétition ya pili na ile gitare. Nilikuwa natembea ku kamba ya saba, nacheza tu, nafanya kama weye unafanyaka. Chef Honoré akasimamisha batu yote. Akasema: «Rudilia.» Nikarudilia. Akasema: «Basi bassiste ni wa nini tena? Kamba ya saba njo bassiste. Yee haombake ruhusa kwenda kuvuna, na haikamate nafasi mu camionnette.» Batu bakacheka. Kisha bakaniangalia miye, juu balijua tunalala chumba moja. Balingoja niseme.

Miye niliinama. Nilifanya sawa nakaza kamba. Ilikuwa imekazwa, yaya. Nilikaza kitu imekazwa mupaka chef akaanza kusema mambo ingine.

Njo ile tu. Sikukusema vibaya, sikuomba nafasi yako. Niliinama. Kila siku nafikiri nitasimama kesho, na kila siku chef anasema «Cirhuza, shuka chini», nashuka. Na sifiche: ninaipenda. Wakati ile sauti inatoka, bamaman banageuka, banauliza huyu ni nani. Hakuna mutu aliuliza ile mbele ya siku ile. Weye uliniambia usikae kule, ni kwangu. Nilikuwa nimeshakaa.

Uliponiuliza nani anapiga, mukono yangu yenyewe iliandika Pascal. Nilifikiri ni uongo ya juma moja. Kisha ukamuandikia. Ile barua yake naijua kwa kichwa. «Mutu anakushikia nafasi si wa kumunyima.» Naisomaka wakati siwezi kula.

Muchele ya mama Godelive niliupika. Nilikula peke yangu siku ine, nimefunga mulango. Ulikuwa mutamu. Njo kitu inaniumiza kuliko yote, vile ulikuwa mutamu.

Sasa ile ya basse. Hawakuiiba.

Wakati waya ya frein ilikatika na hakuna kamba mu duka, radio ilikuwa inabakia siku kumi. Nilijua kamba moja tu mu Bukavu inaweza. Basse yako iko na kamba ine. Ile ndogo kuliko zote, kwako ni ndogo, kwangu njo inakuwa kubwa kuliko zote. Nilitoa kitenge. Nilisema nitaiazima, nitairudisha. Lakini ilikuwa ndefu sana, na nene, haikuzunguka yote ku ufunguo ya kukaza kamba. Nilikaa nayo chini. Kisha nilikwenda kuomba pince kwa papa Cyprien. Aliniuliza: «Unakata nini?» Nikasema: «Waya.» Nilikunja kwanza, kisha nikakata.

Kipande ilianguka, sawa urefu ya mukono yangu. Kamba yenyewe haiwezi kurudia ku basse tena, yaya. Haifike. Ile ulisikia dimanche mu kiwanja, na mama akapiga vigelegele, ilikuwa kamba yako na maneno yako, na miye katikati.

Basse iko chini ya kitanda. Iko na tatu. Kipande nimekifunga pamoja nayo mu kitenge, sikuweza kukitupa.

Siombe kitu. Nilitaka tu usiendelee kumusalimia Pascal.

Cirhuza


Bukavu, 23 novembre 1975

Yaya Lucien,

Placide alinieleza. Alisema ulisoma umesimama, ukaikunja ndogo, ukaitia mu mufuko, ukarudia mu maji kukata muchele. Alingoja jibu mupaka camion ikapoa. Nilielewa.

Sikuandike kukusumbua. Kesho njo fête. Tunapiga mu stade mbele ya wakubwa, na radio itapitisha yote wakati ile ile. Nyimbo ya maman Valérie njo ya mwisho.

Kama haupende kusikiliza, ni haki yako. Lakini kama unaweza, sikiliza ile fasi.

Cirhuza


Luberizi, 30 novembre 1975

Cirhuza,

Sikukuandikia juu kila neno nilipata ilikuwa ya kukupiga, na neno ya kupiga mutu haifai kupanda Ngomo mu camion, inafika imepoa, haina faida.

Tarehe 24 sikutaka kusikiliza. Papa njo alitaka. Alisema: «Fungua, ata kama ni adui, nyimbo haikukosa kitu.» Majirani balikuya tena, juu ya mambo ya août. Nikakaa mbali, ku mulango ya jikoni, nikitoa mawe mu muchele na mama.

Nilisikia mwimbaji. Nilisikia soliste. Nikangoja chini, na chini hapakuwa kitu. Nyimbo ilikuwa inatembea kama mutu hana viatu. Batu bakaanza kuangaliana. Ikafika fasi ya mwisho, batu ya kiwanja yote bakainua kidole, bakasema benyewe, na midomo: tum, tum. Mu radio, kimya. Na ile ya tatu, kimya. Gitare yako ilikuwa inalia juu peke yake, nyembamba, na ilikuwa inatetemeka. Nilijua ni bidole byako binakauka.

Mama akauliza: «Mabuye ya radio yamekufa?»

Nilisema: «Hapana, mama. Ile njo nafasi yangu.»

Placide alinieleza yaliyobakia. Kwamba ulitoa kamba ya saba asubuhi, mbele ya batu yote, ukaiweka juu ya meza ya chef. Kwamba alikuambia «irudishe, wakubwa biko banakaa», na weye ukaangalia chini, lakini hukuirudisha. Placide anasema kisha alikufukuza, na gitare akaichukua, na shingo yake imeinama upande ingine sasa, haifai ata kwa sita. Papa Cyprien alisema ni vizuri, ubao ule alikuwa ameukusudia mulango.

Sasa nikuambie vile niko. Nafasi ilikuwa ya Honoré, aliweza kuipa na kuinyanganya. Ile sikulilie sana. Kamba ilikuwa yangu. Pascal alikuwa ndugu yangu pia, nilimupenda, na weye ulimuua. Sijamaliza kukasirika. Usiniite yaya mu barua, bado.

Lakini papa anasema mutu amefukuzwa kazi anaweza kufukuza ndege. Upande wa chini ya mufereji ya maji tunaanza kupanda juma ya kwanza ya décembre, na sisi ni mikono mine tu.

Kuya na basse. Weye mwenyewe, si Placide. Usiifunike na kitenge, nataka kuona ile fasi ya kamba toka mbali. Ukifika gonga mbili. Ya tatu, najua utachelewa. Nitakuwa nyuma ya mulango.

Lucien